Pampu Aliyoifungua Baba

Sisi tuliokulia Isevya miaka ile ya mwanzo baada ya Uhuru tulilijua kila gari la mtaani kwa mlio wake. La baba yangu lilikuwa pikapu ya kijani. Alinunua asali vijijini na kuileta mjini kwa madebe, na pikapu ile ilinuka nta hata ikioshwa kwa sabuni. Ikifika tu, watoto wa majirani walijaa. Tulilamba mifuniko, tulilamba vidole, tulilamba mpaka vitasa vya milango. Wajukuu zangu wanaletewa asali kwenye chupa yenye lebo, na bado wanauliza kama si sukari.

Pikapu hiyo ilikuwa na pampu ya petroli iliyotoka nayo kiwandani, yenye kikombe cha kioo chini, petroli unaiona inavyocheza ndani. Jua likiwa kali gari lilizima njiani, petroli imepata joto, haipandi tena. Hapo baba aliniita, "Zuhura, maji." Nami nililowesha kitambaa nikakiweka juu ya pampu mpaka ipoe. Fundi wake, Mzee Ramadhani, hakuchoka kumwambia, "Bwana Salum, badilisha hii. Kule mtaa wa Kanyenye dukani zipo mpya."

"Hii ni ya asili," baba alijibu. "Ikichoka nabadilisha mpira wa ndani, basi."

Baba hakuwa mkali ila kwa jambo moja. Alisema, "Mwongo hali sahani moja na mimi." Na kweli, kaka yangu aliwahi kula peke yake jikoni siku tatu kwa uongo wa embe moja.

Basi ukafika wakati wa watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Bwana mmoja wa ofisini alikuja nyumbani akasema, "Ndugu Salum, keshokutwa tutaomba gari lako siku tatu, tuwahamishe watu wa upande wa Choma." Huko ndiko alikokuwa bibi, mama yake mama, na mjomba Masanja aliyeishi naye. Baba akasema sawa, ndugu, hakuna taabu.

Kesho yake asubuhi tulikwenda sokoni na gari, tukarudi, halikuzima hata mara moja. Mchana baba akafungua boneti, akaitoa pampu, akaifunga kwenye kitambaa na kuitia katika debe tupu chini ya kitanda. Nilikuwa nimesimama pale pale.

"Baba, imeharibika?"

"Imekufa. Nenda kacheze."

Nilikwenda, lakini sikucheza. Yule bwana aliporudi alikuta mipira ya petroli inaning'inia. Akasema dukani zipo mpya. Baba akamjibu kwamba gari lile halikubali pampu ngeni. Yule bwana alinitazama kidogo, nami nikatazama miguu yangu. Akaondoka.

Wiki iliyofuata pampu ilikuwa mahali pake na gari linanguruma. Nilijaribu kukumbuka ilitengenezwa lini, na nani. Mzee Ramadhani hakuwa amekuja. Nilidhani labda vyuma navyo hupona vikipumzishwa.

Kisha mjomba Masanja akaja, vumbi mpaka kwenye nyusi. Tuliketi mkekani kula wali. Akasimulia taratibu kwamba walikaa kando ya barabara siku mbili na mizigo yao, wakanyeshewa, mwishowe bibi akapandishwa mkokoteni wa ng'ombe, akafika ana homa.

"Shemeji, nilimwambia mama, ngoja, gari la mkweo linakuja."

"Pampu ilikufa," baba alisema.

Mjomba akanigeukia. "Kweli, mpwa wangu?"

Nilimtazama baba. Yeye alikuwa anatazama wali.

"Kweli, mjomba."

Baba akachukua kipande kikubwa cha nyama akakiweka upande wangu wa sahani. Nilikila, na sikujua kama nimefanya vizuri au vibaya.

Bibi alipona. Baba hakulizungumza jambo lile mpaka anazikwa. Mama alishikilia kwamba mumewe hakutaka kuwa yeye wa kumng'oa mama mkwe kwenye nyumba yake. Mjomba alishikilia mpaka uzeeni kwamba shemeji aliogopa barabara itamvunjia gari. Bibi mwenyewe, nilipomuuliza, alisema kijiji kipya kilimfaa, maji yalikuwa karibu. Niliwasikiliza wote watatu, nikatoka na kichwa kizito kuliko nilivyoingia.

Pikapu iko uani kwangu sasa. Fundi kijana huja, ananipa shikamoo, anaangalia boneti huku simu iko sikioni. Anasema, "Mama, hii toa, nikufungie ya umeme, utasahau shida." Mara tatu nimemwambia aje kesho. Sijui namwekea nani pampu hii, baba mwema au baba mwoga.

Kijana huyo ana mashine ndogo. Kwa magari ya siku hizi anachomeka waya tu, inamwandikia kilichoharibika, na mwenye gari hana la kuongeza. Nadhani ni vizuri. Zamani zetu gari lilikuwa bovu kwa kuwa baba kasema ni bovu, na mtoto akiulizwa, anasema hivyo hivyo.