Mfalme wa Niue Hakuwa Mshenzi

Binti yangu alipata Niue kwa kura. Shule yake, ya binafsi, hapa Mabela, nchi ya Waarabu, ilikuwa ikitayarisha maonesho ya wafalme wa dunia, na kila mwanafunzi wa darasa lake alichomoa karatasi iliyokunjwa. Rafiki yake alipata Japani. Mwengine alipata Moroko, na aliyepata Uingereza akapigiwa makofi. Wangu alipofungua yake, hakuna aliyejua ni wapi. Alirudi nyumbani amenuna, akasema amepewa nchi ya uongo.

Mimi nafanya kazi benki, Ruwi, na nikishafika nyumbani jioni huwa sina hamu na masomo ya mtu. Lakini mtoto alikuwa karibu kulia, kwa hiyo tulikaa pamoja, tukaitafuta kwenye kompyuta. Kumbe ipo. Ni kisiwa kimoja cha Polinesia, mwamba wa matumbawe ulioinuka peke yake katikati ya Pasifiki, na watu wake leo hawajazi hata mtaa wetu. Tulisoma siku ile, na siku zilizofuata, mpaka mama yangu, ambaye anaishi nasi, mimi na mume wangu, akaanza kutuuliza kila jioni wale watu wenu wamefikia wapi.

Tulichokisoma kilitushika. Inasimuliwa kwamba zamani Niue ilikuwa na wafalme, na mfalme ndiye aliyedhaniwa kuleta neema ya chakula. Ukame ukija, watu walimuua. Wakauawa mmoja baada ya mwengine, hata akakosekana mtu wa kuutaka ufalme. Miaka mingi baadaye, dini ya Kikristo ilipokwisha kuenea, wakuu wa koo waliketi wakachagua mfalme tena. Ufalme wa huko haukuwa wa kurithi tu. Binti yangu aliipenda sana habari hiyo. Alimweleza bibi yake kama anayetangaza habari ya jirani.

Halafu tukafika kwa nahodha wa Kiingereza aliyejaribu kushuka pale zamani, kabla ya wafalme hao wa pili. Wenyeji hawakumtaka. Walimrushia mawe na mikuki, akarudi merikebuni. Mabaharia wake waliona midomo ya wale watu ni myekundu, wakadhani ni damu. Kwa hasira nahodha akakipa kisiwa jina, Kisiwa cha Washenzi, na jina hilo likakaa kwenye ramani za Wazungu miaka na miaka. Ule wekundu ulikuwa wa ndizi, aina ya ndizi nyekundu ya huko.

Mama yangu alikuwa akichambua mchele. Akasimamisha mikono.

"Bibi yangu mie akila tambuu," alisema. "Kinywa chake chekundu asubuhi mpaka jioni. Na yeye angelionekana kala mtu?"

Mama yangu alitoka Unguja akiwa msichana. Binti yangu akamuuliza kwani neno mshenzi maana yake nini hasa, maana yeye amelisikia kwa watu wazima wakigombana tu. Mama alirudi kwenye mchele wake. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, kwamba kwao walikuwa wakiwaita hivyo watu wa bara, na kwamba haikuwa haki.

Wiki ya maonesho niliomba ruhusa kazini, nikaenda shule kutazama mazoezi. Nilifika ukumbini, nikasimama nyuma. Binti yangu alikuwa jukwaani. Walikuwa wamemvika sketi ya majani ya plastiki juu ya sare yake. Midomo yake ilipakwa rangi nyekundu mpaka kidevuni, na rangi ikawa inachuruzika. Shingoni alikuwa na kibao kilichoandikwa lile jina la nahodha kwa Kiingereza. Mwalimu aliyesimamia alimwambia angurume. Mtoto hakunguruma. Akaambiwa tena, akatoa sauti ndogo, na darasa zima likacheka. Kisha akaamriwa apige magoti mbele ya mwenzake aliyevaa taji la malkia wa Uingereza, ampe kisiwa chake, na malkia amfute mdomo kwa kitambaa.

Sikupiga kelele. Nilipanda jukwaani, nikamvua mwanangu kile kibao, nikamshika mkono. Hakulia ila tulipofika kwenye bomba la maji, nikawa namwosha uso na rangi haitoki.

Mwalimu alinifuata. Tulizungumza Kiarabu. Alisema ni mchezo tu, wazazi hupenda kucheka, na kisiwa chenyewe ni kidogo, hakina mambo mengi ya kuonesha. Nilimuuliza kama binti yangu alimpa maandishi yake. Alisema ndiyo, lakini yalikuwa marefu na ya huzuni. Nilimuuliza kama mtoto wa Japani naye alitakiwa angurume. Alirudi ukumbini kwa watoto wengine.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule. Alinipa kahawa na tende, akanisikiliza kwa adabu zote, na nilipomaliza akaniambia shule haipendi kuingiza siasa katika furaha ya watoto. Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo nakosa usingizi. Kumpaka mtoto damu ya uongo, hiyo si siasa. Kueleza kwamba ile haikuwa damu, hiyo ndiyo siasa!

Nilimwambia mkuu mambo ambayo sikupanga kuyasema. Nilimwambia kwamba wafalme wa Niue waliomba ulinzi wa Waingereza kwa sababu meli zilikuwa zikija kuwachukua vijana wao kwenda kufanyishwa kazi mbali, na wengi hawakurudi. Waliomba tena na tena. Ulinzi ulipokuja, bendera ya Uingereza haikukaa sana, wakakabidhiwa Nyuzilandi bila ya kuulizwa ipasavyo. Mfalme wa mwisho alipokufa hakuwekwa mwengine. Nilimwambia Waingereza na Wajerumani walikaa mezani wakagawana visiwa vya Pasifiki, na Niue ikawemo, kama walivyokwisha kukaa kabla ya hapo na Unguja ikawemo, Wajerumani wakapewa kisiwa kimoja cha bahari ya kaskazini badala yake. Mama yangu amezaliwa katika kisiwa kilichowekwa mezani namna hiyo. Sasa mimi nije nimlipie ada mjukuu wake afundishwe kuwacheka watu wa visiwa?

Mkuu alitazama mlango. Mwishowe alikubali mtoto asimame na nguo zake, asome maneno yake mwenyewe, lakini yawe mafupi.

Siku yenyewe tulikwenda sote, na mama yangu akaketi mstari wa mbele. Binti yangu aliwekwa mwisho kabisa, wakati watu wanakusanya mikoba yao. Alisimama na sare yake, akaeleza habari za wafalme waliouawa kwa sababu ya njaa, za wale waliochaguliwa, za ndizi nyekundu, za ulinzi ulioombwa. Sauti ilitikisika mwanzo, halafu ikatulia. Baba mmoja nyuma yetu aliuliza kwa sauti, mfalme wa watu wachache kama wale ana kazi gani. Waliomzunguka wakacheka.

Mama yangu aligeuka na kiti chake.

"Kazi yake kuwachunga hao wachache," alimwambia kwa Kiarabu chake cha Unguja, ambacho alipofika nchi hii watu walimcheka nacho. "Wewe kwako mko wangapi?"

Yule baba alitabasamu tu, akashughulika na simu yake. Binti yangu alimaliza. Makofi yalikuwa ya heshima, hayakuwa mengi.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Mwisho wa mwezi shule ilituma jarida lake kwa wazazi, na picha iliyochaguliwa kumwakilisha mwanangu ilikuwa ile ya mazoezi, yenye sketi ya plastiki na kidevu chekundu. Chini yake waliandika kwamba watoto walifurahia tamaduni za dunia. Nilipiga simu asubuhi ile ile, nikiwa kazini, wenzangu wananisikia, na sikupunguza sauti. Picha iliondolewa kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyetuomba radhi, si mimi wala mtoto, na mwalimu yule akinikuta getini hujifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Mwaka uliofuata tulimhamisha shule. Mume wangu aliona nimezidisha, na bado anaona hivyo. Binti yangu mwenyewe hakuuliza kitu. Siku ya kwanza katika shule mpya mwalimu aliwataka wajieleze, na aliporudi aliniambia kuna msichana kule ambaye kwao ni Komoro, visiwa ambavyo navyo vilikuwa na wafalme wao. Walikaa pamoja mapumziko yote, alisema, wakihesabu wafalme.