Risiva Iliyopigwa Radi na Usingizi wa Bibi

Harufu ya risasi ya kulehemu ikiyeyuka kwenye pasi ya fundi redio hunikuta hata leo nikipita sokoni, na ikinikuta tu namkumbuka bibi yangu mzaa baba, mtu ambaye hakuwahi kushika redio wala hakuwa na hamu nayo. Wenzangu harufu huwarudisha jikoni kwa mama zao. Mimi hunirudisha sebuleni kwetu Mazwi, pale Sumbawanga, siku fundi alipofungua risiva yetu juu ya meza ya chakula na bibi akakaa pembeni amekunja mikono, kama anasubiri kusomewa hukumu. Msinicheke kwanza, nitawaeleza.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Baba alikuwa karani wa ushirika mpaka ushirika wenyewe ukafa, akageuka mfanyabiashara wa mahindi. Alikuwa anapeleka magunia Tunduma na kurudi na chochote alichokipata mpakani. Safari moja akarudi na dishi kubwa, risiva yake, na televisheni iliyofungwa kwenye blanketi. Dishi likasimikwa uani, na kuanzia hapo nyumba yetu ikawa ukumbi wa mtaa. Watoto watukutu waliokuwa hawamsalimii mtu sasa walimpa mama shikamoo mara mbili mbili ili wafunguliwe mlango.

Bibi alitukuta katika hali hiyo alipokuja kutoka Kaengesa kutibiwa mguu. Kwake jioni ilikuwa ya rozari, kisha mazungumzo mpaka usingizi uje. Kwetu akakuta watu wazima wamekaa kimya wanatazama Wazungu wakigombana kwa lugha isiyoeleweka na yeyote mle ndani. Akianza kusimulia habari za kijijini, ananyamazishwa. Jioni moja baba alimwambia, "Mama, subiri kidogo, ni taarifa ya habari." Akasubiri. Taarifa ikaisha, ukaanza mpira. Bibi akasimama, akashika mlango, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu toka shamba la pili:

"Mungu na akipasue kitu hicho."

Sebule ilikuwa imejaa majirani, na walisikia wote.

Kesho yake mchana mvua ikaja na ule upepo wetu wa Ufipa usio na mti wa kuuzuia. Mama akafanya kama alivyofanya siku zote: akafunika kioo kwa khanga, akachomoa televisheni, akatukataza kusimama dirishani. Risiva akaisahau, maana waya wake ulikuwa nyuma ya kabati. Mwanga mweupe ukajaa nyumba nzima, mlio ukafuata papo hapo, na nyuma ya kabati kikapasuka kitu kidogo, pwaa, kikafuatiwa na moshi. Umeme ukakatika. Hakuna aliyeumia. Mama alitupapasa vichwa mmoja mmoja, na mimi nikamwona bibi amesimama mlangoni mwa chumba, mdomo wazi, anautazama ule moshi.

Sasa mjue kwamba kwetu radi haiachwi ipite hivi hivi bila kuulizwa imetumwa na nani. Kwingine wanakupa pole yaishe. Sumbawanga wanakupa pole, halafu wanashusha sauti. Jirani yetu Mama Osca, mwanamke wa roho nzuri na mdomo usio na kufuli, alimuuliza mama pale bombani, "Hivi bibi yenu anarudi lini Kaengesa?" Aliuliza huku anacheka, lakini ndoo yake aliisogeza mbali na ya kwetu. Watoto wakaacha kuja, hata kucheza uani. Na tulikuwa tunajua wazee waliofukuzwa vijijini kwao, nyumba zikachomwa, kwa maneno madogo kuliko yale aliyoyasema bibi.

Bibi mwenyewe akabadilika. Alikuwa mtani wangu, ananiita mke mwenza na kunilaumu kwamba namharibia ndoa na marehemu babu. Sasa akanyamaza. Ugali wa ulezi aliuonja akausogeza. Tulilala kitanda kimoja, na kila niliposhtuka nilimsikia anahesabu rozari gizani, anaanza upya, anaanza upya. Asubuhi macho mekundu. Akamwambia baba anataka kurudi nyumbani, mguu umepona. Mguu ulikuwa haujapona hata kidogo. Mimi nilidhani amekasirishwa na majirani, nikawachukia kwa niaba yake.

Umeme uliporudi, baba akamwita Fundi Kizito, mtu mfupi mwenye kibanda karibu na soko, anayeongea na vyombo kama anavyoongea na watu. Kizito akataka aichukue risiva akaifungulie kibandani. Baba akakataa katakata. "Utaifungulia hapa, mezani." Fundi akanuna. "Mzee, unaniona mwizi wa vifaa?" Mama akaona aibu, mimi pia, kwa sababu sote tulidhani ndivyo anavyomwona. Mafundi wa kubadilisha vifaa walikuwepo, na baba alikuwa mtu wa kuangalia mambo yake. Halafu akamwita bibi. "Mama, njoo ukae hapa. Njoo uone."

Kizito alikuja na risiva yake nzima ya kupimia. Akaeleza huku anafungua skrubu, bila kuulizwa. "Hapa kuna njia mbili tu. Radi ama imeshuka na dishi, ama imeingia na waya wa umeme. Nikiunga dishi lenu kwenye risiva yangu nisipate picha, ujue imetoka juu moja kwa moja, imelenga humu." Akacheka. "Hapo sasa mtaniambia mmegombana na nani."

Baba alikuwa anaitazama televisheni, lakini mkono wake ulikuwa juu ya bega la bibi. Kioo kikaonyesha chengachenga tu. Kizito akatoka uani kulitikisa dishi, akarudi, akabonyeza, akasubiri. Bibi alikuwa amefumba macho. Halafu picha ikatokea, safi kabisa, mwanaume mmoja anapika samaki.

"Dishi zima," akasema Kizito. Akaiinamisha risiva yetu mbele ya bibi, akamwonyesha upande unaoingia umeme, mweusi tii, fyuzi imeyeyuka. Upande wa dishi ulikuwa unang'aa. "Bibi, unaona? Radi ilipiga nguzo kule barabarani, ikasambaa na waya. Kibandani nina redio ya Mama Osca, nina televisheni ya mwenye duka la kona. Zote zimeungua hapa hapa."

Bibi akafumbua macho. "Ya Mama Osca pia?"

"Tena ile haitapona."

"Na mwenye duka?"

"Na mwenye duka."

Bibi akasema polepole, "Lakini hao mimi sikuwasema kitu."

Kizito hakuelewa, akaendelea kulehemu. Baba akageuka akatazama ukutani, akakohoa kwa muda mrefu. Bibi akaanza kulia, kisha akawa anacheka huku analia, akaomba chakula. Alikula ugali wa watu wawili. Jioni Mama Osca akaja kuulizia redio yake, akakaribishwa kiti, na bibi akamsimulia habari za Kaengesa mpaka akaomba ruhusa ya kuondoka. Usiku ule bibi alikoroma mpaka nikahamia kwa mama.

Risiva ilifufuka, lakini haikudumu, ikafa tena kabla mahindi mapya hayajakomaa. Cha ajabu baba hakumwita Kizito wala hakuuliza kilichoharibika. Akaipeleka stoo, na safari iliyofuata akanunua nyingine. Nikashangaa: mtu aliyemdhalilisha fundi wa watu kwa ajili ya vifaa, sasa hajali?

Niliambiwa nikiwa mtu mzima, tumetoka kumzika bibi, tumekaa nje tunaota jua. Nilimtania baba kuhusu siku ile alivyomchunga Kizito pale mezani kama mwizi. Akanitazama kama vile anashangaa kwamba sikuwahi kujua. Akasema majirani hawakuwa wanamtisha sana, wangenyamaza wenyewe. Aliyekuwa anaamini kabisa kwamba bibi ametuma radi nyumbani kwa mwanawe, kwa wajukuu zake, alikuwa bibi.

"Risiva nilijua nitapata nyingine," akasema. "Nilitaka mama apate usingizi."