Cheti cha Ng'ambo ya Songwe

Siku niliyoripoti hospitali ya Mbeya, miaka ya hamsini, nilivaa sare niliyopewa nilipohitimu ukunga Nyasaland, Malawi ya leo. Matroni, mama wa Kiingereza, alikisoma cheti changu, akanirudishia.

"Hiki ni cha Nyasaland. Hapa Tanganyika huruhusiwi kuzalisha. Utakuwa mhudumu wa wodi."

Mto Songwe, ulio mpakani, kiangazi tunauvuka kwa miguu, na ng'ambo zote mbili tuna ndugu. Cheti ndicho hakikuvuka. Nikavua sare, nikapewa ndoo na matambara.

Baada ya miaka miwili nikahamishiwa Iringa. Daktari wa Wilaya, mtu mpole, aliandika Dar es Salaam mara tatu kuniombea leseni. Jibu lilikuwa lile lile: asubiri, na asimguse mzazi. Daktari mwenyewe akaliandika katika barua, akaitia sahihi, ikabandikwa ukutani mwa chumba cha kuzalia.

Asubuhi moja aliletwa Zaina, mke wa seremala wa Ipogolo. Alikuwa amejifungulia nyumbani, mtoto salama, lakini kondo la nyuma limebaki tumboni na damu inamwagika. Mkunga mwenye leseni yuko likizo, daktari yuko safarini. Kondo kama hilo nilikwisha kulitoa kwa mkono, Nyasaland, si mara moja.

"Mama Tusajigwe, usiguse," nesi wa zamu aliniambia, machozi yakimtoka. "Barua ile pale. Watakufunga."

Zaina akanishika mkono. "Dada, nisaidie."

Nikamwambia daktari anakuja. Nikabaki nimesimama na beseni. Zaina hakuifikia adhuhuri.

Daktari aliporudi aliniita ofisini.

"Ulijua la kufanya?"

"Nilijua, Bwana Mganga."

"Mbona hukufanya?"

"Barua ina sahihi yako."

Aliandika mara ya nne, na safari hii akaeleza kifo. Leseni ikaja kabla mwezi haujaisha. Hapakuwa na mtihani wala usaili. Kumbe ilitakiwa sahihi ya mtu mmoja tu.

Nilizalisha miaka mingi baada ya hapo. Ninyi wakunga wapya mnaniambia siku hizi cheti cha nchi jirani hutambuliwa upesi. Ni vyema, kwangu kimechelewa.

Siku ya kuniaga, mganga mkuu alinisifu kwamba tangu nianze kazi sijawahi kuvunja kanuni hata moja. Watu wakapiga makofi. Mimi sikuinua uso.