Hii Siyo Santuri Yangu

Mwenyekiti wa mtaa aliinyanyua santuri, akaigeuza huku na huku kama anakagua sahani imeoshwa au haijaoshwa, akavaa miwani na kusoma maandishi ya katikati kwa sauti. Jina la bendi. Jina la wimbo. Namba. Halafu akanitazama.

"Mama, wimbo ndo huo?"

"Ndo huo."

"Bendi ndo hiyo ya marehemu mzee wako?"

"Ndo hiyo."

"Na namba ndo hii hii uliyoniletea kwenye kikaratasi?"

"Ndo hiyo. Lakini santuri siyo hiyo."

Watu wakaanza kucheka. Ofisi ilikuwa na watu kama wanane, kila mmoja kaja na lake: barua ya utambulisho, ugomvi wa maji machafu, kuku kaingia uwanja wa jirani. Mwenyekiti akawanyamazisha kwa mkono.

"Yako ilikuwa na alama?"

"Ilikuwa nayo."

"Iko wapi?"

"Imefutwa."

"Imefutwa na nani?"

"Na mie mwenyewe."

Hapo hata mwenyekiti alicheka. Mama wa maji machafu alicheka mpaka akashika ukuta. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, mshitakiwa wangu, mwenye duka la santuri, aliyekaa benchi moja na mie. Asubuhi ile alikuwa ameniamkia shikamoo kwa adabu zote. Sasa akainamisha kichwa kwa huruma, akasema, "Tumsamehe tu, mwenyekiti. Huyu bimkubwa ni kama mama yangu mzazi. Toka yale mafuriko hajakaa sawa."

Mwenyekiti akatikisa kichwa taratibu, kama daktari. "Mama, ulitoa santuri, umerudishiwa santuri. Sasa umeibiwa nini?"

Jibu nilikuwa nalo, lakini jibu langu lilihitaji pleya, sindano nzima na spika mbili, na ofisi ile ilikuwa na kalenda na feni mbovu. Kwa hiyo nalijibu leo, kwa kalamu, mie niliyeishia darasa la nne. Atakayeona mwandiko mbaya avumilie.

Jina la mwenye duka silitaji. Nimeshatishiwa kwamba nikilitaja, wa kushitakiwa nitakuwa mie. Duka lake liko Kinondoni, anauza santuri za zamani kwa watu wa ng'ambo, na anayemjua atamjua.

Baba yangu alipiga tarumbeta kwenye bendi ya dansi. Alifariki nikiwa na miaka mitatu, sura yake siikumbuki. Mama alibaki na picha zake mbili na santuri moja ndogo. Kwenye ule wimbo, upande wa pili, kuna mahali magitaa yanatulia. Tarumbeta halijaingia bado. Hapo, ukitulia, unamsikia mtu akivuta pumzi, halafu kitu kinagonga shaba: tik. Ni pete. Mama alisema fundi mitambo wa studio alimgombeza aivue, akakataa katakata. "Ndo baba yako huyo," mama alikuwa akisema, sindano ikifika pale. "Kichwa maji." Kila mara alisema hivyo hivyo, na kila mara alicheka.

Kuhusu alama. Zamani huku Temeke kukiwa na harusi, pleya ilikuwa ya mtu mmoja, santuri zinatoka nyumba kumi. Shughuli ikiisha kila mtu anachambua rundo anatafuta yake. Ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na alama yake pale kwenye karatasi ya katikati: huyu herufi, yule kipande cha plasta, mwingine kaandika "mali ya mama nanihii, irudi". Mama yangu alitia nukta nyekundu ya rangi ya kucha, chini kidogo ya tundu, ndogo kama punje ya mtama. Akiionyesha kwa kidole hakuna aliyebisha.

Mama alipofariki nikairithi. Nilikuwa nimepanga bondeni, chini ya Mabibo, na maji yalipokuja yalikuja asubuhi, chai iko jikoni. Nilichukua sufuria la pilau la kukodisha kwenye shughuli, nikaweka santuri ndani, nikafunika, nikalifunga khanga, nikajitwisha. Maji yalinifika kifuani. Kitanda kilikwenda, pleya ilikwenda, picha zote mbili za baba zilikwenda. Majirani wawili niliozoea kuwasalimia kila asubuhi hawakuonekana tena. Mie nilitoka. Kwa hiyo mtu anaposema toka mafuriko sijakaa sawa, ajue toka mafuriko nimekaa sawa kuliko yeye.

Nikahamia Temeke, nikaanza kuuza vitumbua Buguruni. Ndiko nilikokutana na mwenye duka. Alikuwa kwa fundi redio mmoja, anajaribu santuri mbili za wimbo mmoja. Nimesimama na ndoo yangu nasubiri fundi anilipe vitumbua, nikaropoka, "Chukua ile ya mwanzo. Hii ya pili mwimbaji kafunikwa blanketi."

Akageuka. "Shikamoo bimkubwa. Umejuaje?"

"Si nina masikio?"

Akazirudia zote mbili, akanitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani na anaogopa mwenyewe atatokea. Wiki ile ile nikaanza kazi kwake.

Ni yeye aliyenieleza yale niliyokuwa nasikia bila kujua sababu yake. Kiwandani, kule Nairobi zilikochapwa nyingi, sahani zilikuwa zinagandamizwa na chuma chenye ile mistari inayopitiwa na sindano. Chuma kikiwa kipya, sahani inatoka na kila kitu, mpaka mtu anayekohoa kwa mbali. Chuma kinavyozidi kutumika kinachoka, na sahani za mwisho zinatoka zimefifia. Karatasi ni ile ile, namba ni ile ile, bei dukani ilikuwa ile ile. Wateja wake wana spika kubwa kama kabati, nao hawanunui wimbo tu. Wananunua ile nakala moja inayosikika kuliko nyingine zote. Basi yeye anakusanya nakala tano, sita za wimbo mmoja, na panatakiwa mtu wa kusema ipi.

Mtu huyo nilikuwa mie. Nilikwenda Mbezi Luis kupokea maboksi yanayoshuka na mabasi ya Tabora, ya Morogoro, ya Tanga. Niliziosha santuri kwa maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi, na tone la sabuni ya vyombo, kwa brashi laini ya kuchania nywele za mtoto mchanga. Nikimaliza nakaa kwenye kigoda nimeelekea ukutani, yeye anaweka moja baada ya nyingine. Mie nasema, "Ya tatu." Au, "Zote mbovu, braza, usimdanganye mtu." Yeye anaandika kwa Kiingereza kwenye karatasi ya mteja. Baadaye binti mmoja mteja wa dukani alinisomea karatasi ile. Ilisema imechaguliwa na mwenye duka, kwa masikio yake mwenyewe. Nilicheka. Nilidhani ndiyo biashara ilivyo.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kufuta alama. "Wateja hawataki karatasi iliyochafuliwa," alisema. Nilitia dawa ya kutolea rangi ya kucha kwenye pamba, nagandamiza, sisugui, nasubiri, nagandamiza tena. Miaka minne. Nilifuta herufi, nilifuta plasta, nilifuta "irudi". Nilikuwa najua kabisa zile ni nini. Nilikulia kwenye harusi hizo. Nilifuta wenyewe wa mali mmoja mmoja, na nikasifiwa kwamba nina mkono mwepesi. Hilo ni kosa langu, na ninaliandika hapa bila kulikwepa, kwa sababu lisipokuwepo hili la kwake halieleweki.

Siku moja akaja mezani kwangu na santuri nne za wimbo wa baba. Kuna mteja anautaka, tena sana. Nikazisikiliza nikiwa nimeelekea ukuta. Hakuna hata moja iliyokuwa na pumzi, wala tik.

"Zote za mwisho hizi," nikamwambia. "Ya kwangu inazishinda."

Mdomo wangu huo.

"Aah, bimkubwa! Unasema hivyo kwa kuwa ni ya mzee wako. Mapenzi hayo."

"Mapenzi hayagongi tik."

"Basi ilete tulinganishe. Tulinganishe tu, sikuombi uiuze."

Nikaileta kesho yake ndani ya khanga ile ile. Akaishika, akaitazama nukta ya mama, akacheka. "Hapa hatulinganishi, bimkubwa. Alama hii ukiiona tu kwa pembeni ya jicho, umeshajua. Masikio yako hayajapimwa bado. Itoe, halafu tuone kama kweli unasikia au unaona."

Msomaji, niliitoa. Kwa pamba yangu, kwa mkono wangu mwepesi. Hakunishika mkono, hakunitisha. Alinigusa kwenye majivuno tu. Mama yangu aliiweka nukta ile kabla sijazaliwa, ikapita harusi zote za Temeke, ikapita mafuriko, nikaja kuitoa mie kwenye kiti cha plastiki kwa sababu mtu kasema sisikii.

Akazichanganya tano. Nikakaa nimeelekea ukuta. Mara ya kwanza nikainua mkono kwenye ya nne. Akachanganya tena, ya pili. Akachanganya tena, ya tano. Mara zote tatu ilikuwa ya baba. Sikukosea hata mara moja, na ndiyo namna nilivyomwonyesha ipi aichukue.

"Nimekubali, bimkubwa, wewe si mtu wa kawaida," akasema. Akaingia ndani kuziweka kwenye makava. Akatoka na kava langu mkononi, akaniwekea kwenye khanga, akafunga yeye mwenyewe fundo.

Nyumbani sikuwa na pleya. Yalikwenda nayo maji, nimeshasema. Kwa hiyo nilikaa na sahani ile chini ya mto wiki tatu, nimeridhika, mpaka yule fundi redio wa Buguruni alipofufua pleya moja akaniita tuijaribu. Ilikuwa mchana, wateja wake wamejaa. Magitaa yakatulia. Nikainua kidole kuwaambia wasikilize. Tarumbeta likaingia. Halikuvuta pumzi. Hakuna kilichogonga.

"Safisha sindano," nikasema.

Akasafisha. Tukarudia. Akabadilisha sindano kabisa. Tukarudia.

Nikaitoa sahani nikaipeleka juani. Ile dawa ninaijua. Hata mkono uwe mwepesi vipi, inaondoka na rangi kidogo ya karatasi, inabaki baka jeupe, lazima ulijue ndipo ulione. Karatasi hii ilikuwa ya buluu tupu pande zote. Haijawahi kuguswa na pamba yangu.

Nilikwenda dukani. "Bimkubwa, shikamoo! Mbona umepotea?" Nikamwambia. Akaniangalia kwa upole. "Si ulikuwepo mwenyewe? Nimekuwekea mwenyewe kwenye khanga." Nikamuuliza zile nne nyingine ziko wapi. Zimeshauzwa. Kwa nani? Ni siri za wateja. Halafu akataka kuniongezea ujira. Ndipo nilipojua kwa hakika. Mtu asiyechukua kitu haongezi ujira.

Nikaenda kwa mwenyekiti, na yaliyotokea kwa mwenyekiti mmeyasoma.

Basi majibu yangu haya hapa. Mwenyekiti, uliniuliza nimeibiwa nini. Nimeibiwa pumzi moja na mlio wa pete. Ni kidogo, hakijazi kijiko, na ndicho chote kilichobaki duniani cha mtu aliyenizaa. Kwenye daftari lako uliandika kwamba mlalamikaji amerudishiwa mali yake. Hukusikiliza hata sahani moja. Futa mstari huo. Mie nimefuta ya watu miaka minne, wewe nakuomba mmoja tu.

Na wewe mwenye duka. Ile fedheha ya kusema sijakaa sawa uliimwaga mbele ya watu, na jibu lako nalitaka mbele ya watu, hapo hapo ofisini, mchana. Njoo na pleya yako nzuri. Nitakaa kwenye kigoda nimeelekea ukuta kama ulivyonizoea. Changanya sahani kumi ukipenda, weka na hii uliyonipa. Wale waliocheka wawepo, na mama wa maji machafu awepo. Nikikosea, nitasema mwenyewe kwamba nimechanganyikiwa, na nitaufunga mdomo wangu.

Kama huna cha kuchanganya kwa sababu ile yenye baka jeupe haipo tena nchini, basi hapo hapo, mbele yao, sema uliitoa lini, imekwenda kwa nani, na kwenye karatasi yake uliandika tarumbeta lile ni la nani. Halafu mwandikie huyo uliyemuuzia kwamba ina mwenyewe, na mwenyewe anaisubiri Temeke.

Nimekuuliza mara mbili, dukani na ofisini, ukanijibu kwa shikamoo. Hii ni ya tatu: iko wapi?