Vumbi la Mama Mkwe

Bibi Msasa, ndivyo walivyomtania maabarani, kazi yake ilikuwa kugandisha udongo kwa gundi na kuusugua juu ya kioo hadi mwanga upenye. Udongo wenyewe ulikuwa vumbi lililoletwa na upepo zamani za kale. Mama mkwe wake, ambaye na vumbi walikuwa paka na panya, alimcheka mpaka siku alipokalishwa kwenye hadubini. Loo! Vitundu vya mizizi viling'aa, kuta zake zimepakwa utando wa rangi ya asali.

"Ni chembe laini zilizoteremka na maji, mama," Bibi Msasa alieleza. "Kwa utando huo tunajua udongo ni wa kundi gani."

Bibi kizee aliganda pale kama ruba. Jioni, nyumbani, mwanawe aliposhika kitambaa afute kabati, alimdaka mkono.

"We! Liache hilo vumbi! Hatujajua ni la kundi gani."