Vidole Vilivyosahau Moto

Kabla sijafika mbali niseme jambo moja ili tuelewane: katika machimbo yote niliyopikia kati ya Kahama na Geita, sijaona mwanamke aliyenizidi kusonga ugali. Sisemi kwa majivuno. Haya, nasema kwa majivuno kidogo. Mchimbaji hali ugali unaotikisika. Mtu aliyetoka duarani, huko chini shimoni, ametapakaa vumbi la mawe mpaka kwenye kope, anataka ugali ambao akimega tonge linabaki na alama za vidole vyake. Wangu ndio ulikuwa huo, wa udaga, yaani muhogo mkavu, na mahindi, na watu wakiula walinyamaza.

Lakini sifa yangu kubwa haikuwa ugali. Ilikuwa makaa. Kibandani nilikuwa na majiko matatu, na moto ukipungua kwenye jiko moja niliokota kaa jekundu kwa kidole gumba na cha shahada, nikatembea nalo hatua tatu, nikaliweka taratibu kama napanga mayai. Koleo lilining'inia msumarini mpaka likaota kutu. Chapati niligeuza kwa vidole. Mfuniko wa sufuria ya maharage nilifunua kwa mkono mtupu huku wenzangu wa vibanda vya jirani wakihangaika na vipande vya boksi. Kulikuwa na mzee mmoja, mchimbaji wa siku nyingi, mteja wangu tangu nilipofungua. Kila akipata mgeni kwenye duara lake alimleta kwangu.

"Kula polepole," alikuwa anamwambia. "Utamwona mama. Mkono wake ni wa chuma."

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi nikisifiwa nilichagua kaa kubwa zaidi.

Ambacho mzee hakukijua, wala sikumwambia mtu, ni kwamba mkono huo huo ulikuwa unanitesa miaka mingi. Maumivu yalianzia kwenye kifundo, yakapanda mpaka begani. Usiku yalizidi, nikawa nalala nimeuning'iniza mkono nje ya kitanda na kuukung'uta kama nguo iliyotoka kufuliwa. Asubuhi vifungo vya blauzi vilinishinda. Vikombe vilinidondoka, nikavilaumu vikombe. Nilinunua mafuta ya kuchua ya kila rangi. Nilikwenda hata kwa mganga, akanichanja chale tatu kwenye kifundo na kuniambia kuna mtu wa karibu, anayekula kwangu, ananionea wivu.

Mtu wa karibu anayekula kwangu alikuwa mmoja tu: wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Tangu kaka yake atutoke alikuwa anakuja kibandani kila siku kunisaidia kuosha vyombo na kuchambua mboga. Sikumwambia kitu. Ila nilianza kumpakulia mwenyewe, na mwiko wangu sikumpa kuushika. Leo naona aibu kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ukweli ulijitokeza mchana, kibanda kimejaa. Nilikuwa nageuza chapati huku nazungumza na mteja, nikasikia harufu ya nyama inaungua. Nikamwita wifi kwa ukali aangalie sufuria ya nyama. Wifi akaniangalia mkono, akapiga yowe. Sufuria ya nyama haikuwa na tatizo lolote. Kidole changu cha shahada kilikuwa kimelala kwenye kikaango, na mimi naendelea na hadithi.

Wifi hakunipa pole. Alifunika majiko, akawaambia wateja wakale kwingine, akanivuta mpaka barabarani. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," aliniambia tukiwa kwenye basi.

Hospitalini daktari aliniambia nifumbe macho, akawa ananigusa vidole kwa pini. Alitaka niseme lini ni ncha na lini ni upande butu. Nilimjibu kwa kujiamini kabisa. Nilipofumbua macho nikakuta mengi nimekosea, na mara nyingine hakuwa amenigusa kabisa. Akaniwekea kitu kiganjani nikiwa nimefumba tena. Nilikifinya, nikakizungusha, nikasema ni sarafu. Kilikuwa ufunguo wa kabati lake.

Akanieleza. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba inayopitisha mshipa wa fahamu, na mshipa wangu ulikuwa umebanwa humo miaka yote hiyo. Maumivu ni mshipa unavyolalamika. Ganzi ni mshipa unavyokata tamaa. Wifi, ambaye hajawahi kuona jambo la kunyamazia, akamweleza habari za makaa. Daktari akatikisa kichwa.

"Mama, huo si ujasiri," alisema. "Mkono wako hausikii."

Nililia pale pale. Si kwa ajili ya kisu cha upasuaji alichoniambia kuwa hakiepukiki. Nililia kwa sababu kile nilichokuwa najivunia mbele ya watu kumbe ulikuwa ugonjwa, na mimi nilikuwa nauonyesha kama cheti.

Upasuaji haukuwa mrefu. Walinichoma sindano, mkono ukafa, nikalala macho wazi upande wa pili wa kitambaa nikimsikia daktari na muuguzi wakizungumza habari za mvua. Usiku wa kwanza nililala mpaka kunapambazuka. Ni wale tu waliowahi kuamshwa na mkono wao miaka na miaka wanaojua maana ya sentensi hiyo. Lakini daktari alikuwa muwazi. Maumivu, alisema, yataondoka. Hisia hakuahidi, kwa kuwa nilichelewa mno.

Aliyenipa masharti ni binti wa mazoezi ya viungo, umri wa mwanangu wa mwisho. Alinipa shikamoo vizuri, nikaitikia marahaba, kisha akaanza kuniamuru. Nisinyanyue ndoo. Nisishike mwiko. Na la mwisho alilisema mara mbili: "Mama, usirudi motoni mpaka vidole vyako viujue moto. Visipoujua, basi tafuta kazi nyingine."

Kazi nyingine! Mama lishe asiyeruhusiwa kugusa moto ni nani? Ni mteja. Nilitoka pale nimenuna mpaka kituo cha basi, lakini ndani nilikuwa naogopa. Watoto wangu wamesoma kwa majiko yale. Sikuwa na kitu kingine nilichokijua vizuri kiasi hicho.

Tukiwa safarini kurudi nilimwambia wifi habari ya mganga, maana niliona si haki mtu anifungie kitenge na kuniogesha huku hajui nilivyomfikiria. Nilitegemea akasirike. Alicheka mpaka abiria wa mbele wakageuka.

"Kumbe ndiyo maana mwiko ulikuwa unalala nao!" alisema. Kuanzia siku hiyo akawa anabisha hodi hivi: "Wifi, mchawi wako nimefika. Leo tunapika nini?"

Sasa mwiko ulikuwa wake. Nilikaa kwenye kigoda, mkono umefungwa bendeji na kuinuliwa juu, naangalia ugali wangu ukiharibiwa. Wifi ni mtu mwema, lakini alikuwa anauogopa unga. Ugali wake ulitikisika kwenye sinia. Mzee alimega tonge, akaliangalia likirudi kujilaza, akasema kwa heshima zote kwamba leo tumepewa uji wa sherehe. Nikamwelekeza wifi: ongeza unga, kandamiza pembeni, geuza, usiubembeleze.

"Wifi," alisema bila kuinua kichwa, "huo mdomo mbona hawakuupasua?"

Kibanda kizima kilicheka, na mimi nikacheka, ingawa si sana. Wiki zile mimi mwenyewe nilikula ugali kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto. Nilikaa nimewapa wateja mgongo wasinione. Wakubwa wakinipa mkono nilitoa wa kushoto na kuomba radhi kabla hawajauliza.

Nyuzi zilipotolewa yule binti akanipa kazi ya nyumbani: bakuli lenye maharage, mahindi, choroko na mchele, vyote vimechanganywa. Nifunge macho, niokote punje moja moja kwa gumba na shahada, niseme ni nini. Nilimdharau. Mimi nimechambua nafaka tangu naota meno, nifundishwe punje? Nikaokota ya kwanza nikasema harage. Wifi akasema hakuna kitu mkononi, imeshadondoka.

Ndivyo tulivyoishi mwezi, na mwezi mwingine. Kila baada ya kuosha vyombo wifi alinifunga macho kwa kitambaa, akakaa mbele yangu na lile bakuli. Alikuwa mwalimu mkali na mwongo. Siku nyingine alichomeka kifungo cha shati, siku nyingine kijiwe, akanisubiri nihangaike. Kwanza nilianza kujua mahindi, kwa sababu ya ile pembe yake. Baadaye harage. Vidole vilianza kuwasha, kama sisimizi wanatembea ndani, nikalalamika, na yule binti akasema nishukuru, huo ni mshipa unarudi nyumbani. Siku niliyotofautisha choroko na kijiwe nilisimama nikamchezea wifi ngoma nzima, bendeji nimeshaivua, kovu linang'aa kiganjani.

Lakini ncha ya kidole cha shahada, pale palipoungua, ilikataa. Kliniki ya mwezi wa tatu nilichomwa pini pale nikasema butu. Binti akaandika, akasema tuvumilie. Nikamwuliza kama itarudi. Akasema hajui. Nampenda kwa jibu hilo sasa, lakini siku ile nilirudi kibandani nikawaza kuuza majiko.

Sikuuza. Nilikaa kwenye kigoda nikapanga sahani, nikachambua mchele, nikakata vitunguu. Ugali wa wifi ulikuwa umeanza kukaza, nami nilianza kuwaza kwamba labda mwiko ule umeshapata mwenyewe.

Kisha akaja mzee na mgeni mpya, kijana mwenye mabega mapana. Niliwasikia kabla hawajakaa.

"Ndiye huyu?" kijana aliuliza.

"Ndiye. Alikuwa anaumwa kidogo. Subiri uone mkono wa chuma."

Wifi akamkata mzee jicho. "Babu, achana na mtu. Huyu haruhusiwi." Wakati huo huo alikuwa anamimina makaa kutoka jiko moja kwenda jingine, na kwa kuwa alikuwa anagombana, kaa moja kubwa likaruka, likaangukia kwenye upindo wa kitenge chake.

Sikufikiria masharti, wala mgeni, wala sifa. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokuwa unakwenda miaka yote. Gumba na shahada vikalidaka kaa.

"Mayu wee!" nilipiga yowe, nikimwita mama kwa lugha ya kwetu.

Nililitupa likapita juu ya meza. Nilirukaruka kama mtoto aliyekanyaga mwiba, nikachovya vidole kwenye ndoo ya maji, nikavitoa, nikavichovya tena. Yule kijana alimgeukia mzee akasema polepole, "Mbona ameungua?"

Mzee aliangalia meza. Nilimwonea huruma, maana alikuwa amenitangaza kwenye mashimo yote.

Wifi alishaikung'uta nguo, tundu dogo tu lilikuwa limebaki. Alinishika mkono akaugeuza juani. Kwenye ncha ya kidole cha shahada, pale pale palipokataa, lengelenge lilikuwa linaanza kuvimba, na lilikuwa linauma. Liliuma hasa. Liliuma kwenye ncha, si begani, si kwenye kifundo, bali pale pale moto ulipogusa, kama inavyouma kwa watu wote. Machozi yalinitoka nikaanza kucheka, na nikicheka mimi kwa nguvu hata vibanda vya jirani hutoa vichwa nje.

"Pole, mama," alisema yule kijana. "Pole sana," akasema mzee. "Pole, wifi," akasema wifi, naye alikuwa anakaribia kulia.

Nikawainulia kile kidole wote wakione.

"Pole wapeni wagonjwa," niliwaambia. "Mimi nipeni hongera."

Wifi ndiye aliyeelewa kwanza. Alipiga vigelegele mpaka sahani zikalia. Kisha akachukua koleo msumarini, akalisugua kutu kwa upindo wa kitenge chake kilichotoboka, akanikabidhi kwa mikono miwili pamoja na mwiko.