Zinazovutika na Zisizovutika

Ukitaka kumjua Zuwena, mpe nguo. Ataivuta kwa vidole, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Ataigeuza nje ndani, ataangalia vifungo vinafungia upande gani, halafu atakwambia ni ya kike au ya kiume, ni pamba tupu au imechanganywa. Tulizoea kumtania kwamba hata mchumba angempima hivyohivyo. Alicheka. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Mimi ni Scolastika, nauza mbele katika duka la Mzee Velji hapa Kahama. Tunauza ovaroli, reflekta na fulana kwa watu wa migodini. Zuwena yuko chumba cha nyuma. Kabla mzigo haujapanda meli huko unakotoka, sampuli zake huletwa kwake, naye huandika kila nguo ni kitu gani, kisha humtumia Abel, wakala wetu wa forodha aliyeko Dar es Salaam. Abel ndiye anayeyageuza maneno hayo kuwa lugha ya forodha. Na forodha, kabla hawajakuuliza kama ni suruali au shati, wanataka kujua kitambaa kimetengenezwaje: kwa vitanzi vilivyoshikana kama sweta, au kwa nyuzi zilizopishana kama khanga. Ukikosea hapo, mzigo mzima umeingia kundi lisilo lake.

Sasa Kiswahili chetu, Mungu akibariki, kinasema vyote viwili vimefumwa. Sweta limefumwa, na khanga nayo imefumwa. Waliotuachia lugha hawakuwa na habari na forodha. Kwa hiyo Zuwena akatunga maneno yake mwenyewe: nguo zinazovutika, kama sweta, na nguo zisizovutika, kama khanga. Abel akayazoea, wakawa wanaelewana kama watu waliolelewa nyumba moja, na mizigo yetu ikawa haikwami bandarini. Hapo ndipo Zuwena alipojifungia mlango kwa mkono wake, kwa sababu duka zima hakuna aliyejishughulisha kujifunza kazi ile.

Alichotaka ni kurudi kwao Katoro. Binti yake, Zakia, analelewa huko na bibi yake, mama mzazi wa Zuwena, na bibi hataki kusikia habari ya kuhama nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Zuwena alikuwa akiwaona sikukuu kwa sikukuu. Ndoto yake ilikuwa ndogo tu, aweke cherehani barazani, ashone sare za shule, na mtoto akirudi amkute.

Mara ya kwanza alipoomba kuondoka, Mzee Velji, ambaye amezaliwa hapahapa na Kisukuma chake kinanishinda mimi mwenyewe Msukuma, alimjibu kwa upole, "Mayu, mzigo huu upite kwanza." Ukapita, ukaja mwingine. Katikati ya hapo mama yake Zuwena akasumbuliwa na macho, na Mzee ndiye aliyemchukua kwa gari lake mwenyewe hadi hospitali Mwanza, akamsubiri, akamrudisha. Bosi akikutukana unafunga virago. Akikuita mayu, yaani mama, na kumshika mama yako mkono, utaanzia wapi? Nilimwambia Zuwena aondoke tu, akaendelea kuvuta sampuli zake. Nilimkasirikia kweli.

Mwaka huu Mzee alikubali. Alisema amfundishe Ruchi, mkwe wake, kisha aende kwa amani. Ruchi ni mwepesi wa kushika mambo na hana majivuno, wakafanya kazi vizuri, tukamuaga Zuwena kwa pilau. Ila kuna jambo moja lilipita bila kuonekana. Ruchi alidhani "zisizovutika" ni utani wetu wa dukani, akaona si adabu kumwandikia wakala hivyo. Ulipokuja mzigo wa ovaroli aliandika Kiswahili cha heshima kwamba zimefumwa. Abel, aliyezoea kuambiwa vinginevyo, akafikiria vitanzi vya sweta, akaziandikisha kundi hilo. Maofisa wakafungua kontena, wakakuta ovaroli ngumu kama turubai, na mzigo ukazuiwa.

Zuwena alimaliza jambo lile kwa simu akiwa barazani kwake Katoro. Neno moja tu kwa Abel, wakasahihisha, mzigo ukaachiwa. Ningependa kuishia hapo. Lakini Mzee Velji alikuwa ameshaogopa, na mtu mwema akiogopa hakuachii. Aliendesha gari mpaka Katoro, akavua viatu, akakaa mkekani na mama yake Zuwena. Hakutaja Mwanza hata kidogo. Aliuliza tu macho yanaendeleaje.

Zuwena aliponisimulia alikuwa anatazama ukuta. Alisema kama Mzee angefoka, angekuwa bado yuko Katoro. Aliyemrudisha ni mama yake. Mama alimshika mkono mbele ya mgeni akamwambia, "Nenda, mwanangu. Huyu si mtu wa kumwambia hapana."

Basi akarudi chumba cha nyuma. Hakuna aliyetaja tena habari ya kuondoka, na Ruchi amehamishiwa upande wa stoo. Hakuna anayemfungia Zuwena kwa ufunguo, na ndiyo maana hana mlango wa kuuvunja.

Idd ilipokaribia, mizigo ilikuwa mingi na hakupata nafasi ya kusafiri. Alimchagulia Zakia gauni, na alilichagua kwa muda mrefu. Alilivuta, alitazama mishono yake, akalifunga, akalituma kwa basi. Siku ya sikukuu nilikuwa nimemletea chai alipopiga simu, akaweka sauti kubwa nami nisikie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Gauni limekuenea?"

Mtoto alisema gauni ni zuri sana. Alisema rangi yake ndiyo anayoipenda.

"Limekuenea, Zakia?"

"Limenibana, mama. Hili ni la nilivyokuwa zamani." Kisha akaharakisha, maana ni mtoto mwenye huruma: "Lakini usijali. Bibi amelishika, anasema linavutika."

Zuwena aliaga, akaweka simu mezani. Akachukua fulana iliyofuata kwenye rundo la sampuli, akaivuta kwa urefu, akaivuta kwa upana, akaendelea kuivuta.